Kupiga Picha za Maisha ya Kila Siku katika Kambi ya Wasichana

Mwezi huu twaleta somo juu ya kazi ambayo wengi wetu twaifanya bila kufundishwa, nayo ni kupiga picha mahali wasichana walipokusanyika kambini. Zamani mwenye kamera alikuwa mtu mmoja katika mji mzima, tena alikuwa fundi. Siku hizi karibu kila mwalimu anayo simu yenye kamera mfukoni, na kambi ikiisha picha huhesabiwa kwa mamia. Lakini zitazameni picha zenyewe: wasichana wamepangwa safu kama askari, wakubwa wamekaa vitini mbele, na nyuso zote zimekunjamana kwa ukali wa jua. Mtu akituuliza, "Wasichana hawa waliishije siku zile saba?" picha hazina jibu.

Tena liko jambo zito kuliko hilo. Picha yaweza kumheshimu msichana, nayo yaweza kumvunjia heshima. Na ikiisha kutoka mikononi mwetu hairudi tena. Neno hili sisi wenyewe tulijifunza kwa aibu, nasi tutawaeleza huko mbele. Basi tutaanza na nchi ambayo kambi za wasichana zilistawi sana, yaani Marekani, na watu walioshika kamera huko. Kisha tutajifunza kazi yenyewe, na mwisho adabu yake.

1. Asili ya kambi za wasichana

Huko Marekani shule hufungwa kwa muda mrefu wakati wa kiangazi, tangu mwezi wa Juni hata mwisho wa Agosti au zaidi kidogo. Katika karne ya 19 miji yao ilikua upesi, na wazazi wengi waliogopa kwamba watoto wao watakulia katika moshi na kuta, wasijue msitu wala maji. Mwaka 1861 mwalimu mmoja wa Connecticut, Bwana Frederick William Gunn, aliwatoa wanafunzi wake wa kiume akaenda kupiga kambi pamoja nao. Wengi huihesabu kambi ile kuwa mwanzo wa kambi za watoto katika nchi ile.

Wasichana walingoja miaka kama 40. Watu walidhani ya kuwa binti hawezi kulala hemani, wala kupiga makasia, wala kupanda mlima. Hata mwaka 1902 kambi ya Wyonegonic ilifunguliwa kwa ajili ya wasichana katika jimbo la Maine, na mwaka ule ule Bibi Laura Mattoon akaanzisha kambi ya Kehonka katika jimbo la New Hampshire. Baadaye kidogo akatokea Daktari Luther Gulick pamoja na mkewe Charlotte. Yeye alizaliwa Honolulu mwaka 1865, wazazi wake wakiwa wamisionari. Kando ya ziwa Sebago, huko huko Maine, walikuwa na kambi, wakaiita Wohelo. Jina hilo waliliunga kwa herufi mbili za kwanza za maneno matatu ya Kiingereza, ambayo maana yake ni kazi, afya na upendo. Mwaka 1910 walianzisha chama cha wasichana kiitwacho Camp Fire Girls. Naye Bibi Juliette Gordon Low, tarehe 12 Machi 1912, katika mji wa Savannah, aliwakusanya wasichana 18, na hao ndio mwanzo wa chama cha Girl Scouts cha Marekani.

Wala tusisahau kambi ya Atwater katika jimbo la Massachusetts. Ilianzishwa mwaka 1921 na mchungaji mmoja Mmarekani mweusi, William DeBerry, kwa ajili ya watoto weusi, maana siku zile kambi nyingi za wazungu hazikuwapokea.

Kwa nini twaeleza haya yote katika somo la picha? Kwa sababu mpiga picha asiyejua kambi ni kitu gani hataona kitu cha kupiga. Kambi si mkutano. Kambi ni nyumba ya muda, ambamo binti hufanya kwa mikono yake mambo ambayo nyumbani alifanyiwa, au alikatazwa, au hakuyajua. Atajaribu, atashindwa, atajaribu tena, naye atarudi kwao akiwa amepata kitu ambacho hakuwa nacho. Badiliko hilo dogo ndilo tutafutalo kwa kamera.

2. Jinsi kamera ilivyofika mikononi mwa wasichana wenyewe

Kwanza kamera ilikuwa mzigo mzito wa sanduku, vioo na dawa. Mwaka 1888 Bwana George Eastman wa mji wa Rochester alitoa kamera ya Kodak, yenye utepe wa filamu wa picha 100. Mwenye kamera alipomaliza utepe wake aliipeleka kamera nzima kiwandani, picha zikasafishwa, naye akarudishiwa kamera ikiwa na utepe mpya. Bei yake ilikuwa dola 25, nazo zilikuwa fedha nyingi. Lakini mwaka 1900 kiwanda kile kile kilitoa kamera ndogo iitwayo Brownie kwa bei ya dola moja tu, nayo ilikusudiwa hata kwa watoto.

Basi kambi za wasichana na kamera za bei ndogo zilikua wakati mmoja. Msichana alikwenda kambini na sanduku lake dogo la picha, akawapiga wenziwe wakichota maji, wakichana nywele, wakicheka juu ya ngazi ya kibanda. Aliporudi kwao alizibandika katika kitabu na kuandika majina chini yake. Fundi wa kulipwa aliyekuja kwa siku moja alipiga kundi zima mbele ya bendera. Msichana mwenyewe alipiga yale yaliyokuwa nyuma ya kibanda. Leo mtu akitaka kujua wasichana wale waliishije, vitabu vile humfaa kuliko picha za fundi.

Hapa twapata fundisho la kwanza: aishiye ndani ya jambo huliona vizuri kuliko ajaye kulitazama kwa saa moja. Kwa hiyo mwalimu mwenye busara atawapa wasichana wawili au watatu kamera kwa zamu, awafundishe kuitumia, naye atashangaa kwa watakayomletea.

3. Mifano miwili ya kujifunza

Mfano wa kwanza ni wa Gordon Parks. Huyu alikuwa Mmarekani mweusi, aliyezaliwa Kansas mwaka 1912 katika nyumba ya watu maskini, akajifunza upigaji wa picha peke yake. Mwezi wa Agosti 1943, wakati wa vita kuu ya pili, alikuwa akifanya kazi katika ofisi ya serikali ya habari za vita. Alikwenda katika kambi za watoto katika jimbo la New York, kama vile Camp Fern Rock huko Bear Mountain na Camp Christmas Seals huko Haverstraw, ambamo watoto weupe na weusi waliishi pamoja. Kumbukeni ya kuwa siku zile jeshi la Marekani lenyewe lilikuwa likiwatenga askari kwa rangi, na katika majimbo mengi ya kusini mtoto mweusi hakuruhusiwa kusoma katika shule ya mtoto mweupe.

Parks angeweza kuwapanga watoto wale washikane mikono, wakitazama kamera, ili fundisho lionekane kwa kila mtu. Lakini aliwapiga wakifanya mambo ya kambi. Kwa sababu hiyo picha zake zina nguvu. Mtu azitazamapo huona watoto tu wakiishi siku yao, ndipo hujiuliza mwenyewe, "Basi kuna ajabu gani hapa, hata watu waogope?" Picha zile zimehifadhiwa katika maktaba kubwa ya taifa lao huko Washington hata leo.

Mfano wa pili ni wa Bibi Gay Block. Mwaka 1981 alipiga picha za wasichana katika kambi ya Pinecliffe, jimbo la Maine, ambako binti yake mwenyewe alikuwa. Baada ya miaka 25, mwaka 2006, aliwatafuta tena wasichana wale, ambao sasa walikuwa wanawake wazima, akawapiga picha kwa mara ya pili.

Wapenzi, fikirini jambo hili sana. Msichana tunayempiga picha leo, akiwa na miaka 12, hatabaki na miaka 12. Atakuwa mama, au mwalimu, au mganga, au mkuu wa kazi, na picha yetu itakuwapo bado. Kila tunapobonyeza kitufe yatupasa kujiuliza: mwanamke huyu, akija kwetu baada ya miaka 25 na picha hii mkononi, atatushukuru au atatulaumu?

4. Kazi yenyewe

(a) Fuata siku, wala usingoje sherehe. Kambi ina mwendo wake kama saa. Asubuhi kengele hulia; wasichana hutoka na nyuso za usingizi; vitanda hutandikwa, uwanja hufagiwa. Kisha huja chakula, mafundisho, michezo, kuogelea au kutembea msituni, kupumzika mchana, kuandika barua kwa wazazi, kazi za mikono, kuosha vyombo, na jioni moto mkubwa na nyimbo. Andika mwendo huu katika karatasi kabla ya kushika kamera, kisha ujiulize katika kila saa: ni nini kinachofanywa hapa kisichofanywa mahali pengine? Huenda ni mikono miwili inayofundishana kufunga kamba ya hema. Huenda ni jozi 40 za viatu mbele ya mlango mmoja. Siku ya kwanza usipige nyingi. Kaa nao, ule nao, wakuzoee. Siku ya tatu hawataiona kamera yako tena, na hapo ndipo kazi itakapoanza.

(b) Jua mwanga wako. Jua la saa sita ni adui wa mpiga picha, maana hutupa vivuli vyeusi chini ya macho na pua, na kofia huficha uso mzima. Mwanga mzuri ni wa asubuhi na wa jioni, jua likiwa chini. Ikiwa huna budi kupiga mchana, waite wasichana chini ya mti wenye kivuli kizima, lakini si kivuli chenye matobo, kisije kikawatia madoa usoni. Kando ya ziwa angalia sana: maji hurudisha nuru kama kioo, na kamera hudanganyika, ikawafanya watu kuwa weusi mbele ya maji meupe. Penye moto wa jioni zima taa ya kamera, maana taa ile huua rangi ya moto na kuzifanya nyuso kama za watu waliofumaniwa. Iweke kamera juu ya jiwe au gogo isitikisike, nawe ungoje wakati ambapo wasichana wametulia kusikiliza hadithi.

(c) Jua mwendo wa kitu. Msichana arukaye majini atakuwa kama ukungu katika picha, ila ukifungua na kufunga tundu la nuru kwa upesi, yaani kwa sehemu moja ya 500 ya sekunde au chini yake. Lakini msichana aandikaye barua ametulia, na sehemu moja ya 60 yamtosha, mradi mkono wako nao umetulia. Katika simu nyingi kazi hii hufanywa na chombo chenyewe. Hata hivyo yafaa kuijua sababu, ili picha ikiharibika ujue kosa lilitoka wapi.

(d) Piga kwa umbali wa namna tatu. Kwanza mbali, ili mahali paonekane: hema, miti, njia iendayo majini. Pili karibu kidogo, ili kazi ionekane na watendaji wake. Tatu karibu sana, ili mkono au kitu kimoja kionekane: sindano na uzi, sufuria yenye masizi, daftari lililolowa mvua. Picha tatu za namna hii pamoja husimulia habari nzima, ambayo picha 30 za namna moja haziwezi kuisimulia. Tena shuka chini. Mtu mzima akipiga picha akiwa amesimama, watoto wote huonekana wadogo na dhaifu. Piga goti, macho yako yawe sawa na macho yao.

(e) Jua rangi ya ngozi. Jambo hili latuhusu sisi hasa. Kipimo cha nuru kilichomo katika kamera hudhani kwamba kila kitu kina weupe wa katikati. Msichana mweusi aliyevaa nguo nyeupe akisimama juani, kamera huipima nguo, hupunguza nuru, na uso wake hupotea gizani. Tena filamu za rangi zenyewe zilikuwa na upungufu. Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1950, viwanda vilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mweupe, ambayo mafundi waliiita Shirley. Mtaalamu Lorna Roth aliandika mwaka 2009 kwamba malalamiko yaliyosaidia kuigeuza filamu ile yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka rangi za vitu vyao zitofautike vizuri. Basi chokoleti na meza zilisikilizwa, hali watoto weusi walikuwa wakitoka katika picha za shule wakiwa macho na meno tu!

Dawa yake si ngumu. Kipime uso, wala si nguo. Katika simu, gusa uso wa msichana kwenye kioo, kisha uongeze nuru kidogo kama unaona weusi umezidi. Penye wasichana wa rangi mbalimbali, mweke aliye mweusi zaidi karibu na nuru. Wala baadaye usimweupishe mtu kwa ufundi wa simu ukidhani unampendezesha. Ukifanya hivyo umemwambia kwamba uso wake aliozaliwa nao haukutosha.

5. Kosa letu wenyewe

Sasa tutimize ahadi. Miaka michache iliyopita tulikuwa na kambi ya wasichana 60 wa sharika zetu wakati wa likizo, nasi tulikuwa na kamera. Jioni ya pili tulimkuta msichana mmoja wa miaka kama 12 nyuma ya jiko, amejifunika khanga kichwani, analia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kulala nje ya kwao. Moshi ulikuwa ukipita katikati ya miti, na jua la magharibi lilipenya ndani ya moshi ule likamwangukia usoni. Tulimpiga picha kwanza, ndipo tukamwita mama mlezi aje kumtuliza. Hebu angalieni utaratibu huo, wapenzi: kwanza picha, kisha mtoto.

Picha ilikuwa nzuri, nasi tulijivuna kwayo. Tulipoizidisha ukubwa tuliibandika pamoja na nyingine kwenye ubao ulio mlangoni pa kanisa. Watu waliisifu. Lakini watoto wa shule walimpa binti yule jina la Kilio, na jina lile likamfuata darasani na kisimani. Mwaka uliofuata jina lake halikuwamo katika orodha ya kambi, nasi tukaenda kwao kuuliza.

Mama yake alitupokea vizuri, akatupa viti na chai. Kisha alisema, "Baba Mchungaji, nisamehe nikisema neno. Mwanangu alilia jioni moja. Picha yenu imemliza mwaka mzima."

Hatukuwa na jibu. Binti alikuwa amesimama karibu na mlango. Tulimwomba radhi mbele ya mama yake. Alinyamaza kwanza, kisha akasema kwa adabu, "Baba, kesho yake nilipika ugali wa watu wote pamoja na wenzangu, na siku ya mwisho niliongoza mbio za kamba. Mbona hapo hamkunipiga?"

Wapenzi, katika miaka yetu yote ya shule hakuna mwalimu aliyetufundisha upigaji wa picha kuliko binti yule kwa maneno hayo machache. Hakusema kwamba picha ilikuwa ya uongo, maana alilia kweli. Alisema kwamba tuliichukua saa moja ya maisha yake tukaifanya kuwa jina lake. Tulirudi, tukaibandua picha, tukaifuta. Lakini vijana wawili walikuwa wamekwisha kuipiga picha kwa simu zao ubaoni, na hatujui imefika wapi. Mwaka ule binti hakuja kambini. Mdogo wake alikuja, na mama yao alitoa ruhusa ya picha kwa sharti moja, kwamba mtoto mwenyewe azione kabla ya mtu mwingine yeyote. Sharti lile tumelifanya kanuni kwa wote.

6. Adabu ya mwenye kamera

Kwa hiyo twawapa kanuni hizi, nanyi mwaweza kuziongeza kwa kadiri ya mahali penu.

Kwanza, omba ruhusa kwa mzazi kwa maandishi kabla ya kambi kuanza, ukieleza picha zitatumiwa wapi: ubaoni, gazetini, au katika intaneti. Ruhusa ya ubaoni si ruhusa ya intaneti. Hili si adabu tu. Ni jambo la sheria pia. Kenya ilitunga sheria ya kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022.

Pili, hata mzazi akikubali, muulize msichana naye. Akigeuza uso au akiweka mkono mbele, hilo ni jibu, usimwulize sababu.

Tatu, yako mahali ambapo kamera haiingii kamwe: pa kulala, pa kuoga, pa kubadili nguo, na pa mgonjwa. Nguo za kuogelea zataka uangalifu mkubwa. Ukipiga michezo ya majini, piga kwa mbali, au piga nyuso na mikono juu ya maji. Wala mwanamume asiwe mpiga picha peke yake katika kambi ya wasichana. Mama mlezi awe naye siku zote, au afadhali mama mlezi ndiye ashike kamera.

Nne, palipo na huzuni au hatari, mtoto kwanza. Ukiisha kumsaidia, huenda hutaki tena kupiga.

Tano, usitoe picha pamoja na jina kamili, shule na kijiji cha mtoto. Tena simu nyingi huandika ndani ya picha mahali ilipopigwa, ingawa macho hayaoni maandishi hayo. Jifunze kuizima kazi hiyo kabla ya kambi.

Sita, usipeleke picha nje siku ile ile. Huko Marekani kambi nyingi huwaonyesha wazazi picha mpya kila siku kwa njia ya intaneti, na wazazi huketi usiku wakitafuta uso wa mtoto wao katikati ya mamia. Asipoonekana huingia hofu; akionekana bila kucheka hupiga simu kuuliza ana nini. Nao watoto wakijua hivyo huanza kucheka kwa ajili ya kamera. Basi badala ya kuishi kambini, huigiza kambi. Afadhali wazazi wapate barua iliyoandikwa na binti mwenyewe, na picha baadaye.

Saba, mkumbuke kila mmoja. Andika orodha ya majina, utie alama kila umpigapo mmoja akifanya kazi yake. La sivyo utakuta mwisho kwamba umewapiga mara 20 watatu wenye sura za kupendeza na maneno mengi, na aliye mnyamavu hayumo hata mara moja. Mzazi wake atazitazama picha zote mpaka ya mwisho, asimwone.

Mwisho, chagueni kwa pamoja. Kambi ikiisha, keti na wasichana mzitazame. Picha ambayo mwenyewe hakuipenda, ifute mbele yake. Katika mamia hayo chagueni 20, zipangwe kwa mwendo wa siku tangu kengele ya asubuhi hata majivu ya moto wa usiku, na chini ya kila picha msichana mmoja aandike neno kwa mkono wake. Ziwekeni katika kitabu kikae sharikani. Simu hupotea na kuvunjika. Kitabu chaweza kuwangoja wasichana hao miaka 25.

Maswali kwa waalimu na vikundi

1. Kwa nini vitabu vya picha vya wasichana wenyewe hutueleza maisha ya kambi kuliko picha za fundi?
2. Gordon Parks alionyesha nini mwaka 1943, naye alikionyeshaje pasipo kuwapanga watoto?
3. Kamera hudanganyikaje mbele ya ngozi nyeusi na nguo nyeupe? Jaribuni jambo hili kwa simu mkiwa pamoja.
4. Je, katika sharika yetu kuna picha ubaoni au katika simu zetu ambayo mwenyewe angependa iondolewe? Ni nani atakayekwenda kumwuliza?

Swali hili la nne, wapenzi, msilijibu kwa maneno tu. Nendeni mkautazame ubao wenu wiki hii. Tunawatakia heri katika kambi zenu.